Maisha ya Dk. August Bier, Mganga Aliyeyaonja Maumivu ya Wagonjwa Wake

Askari hufundishwa kuvumilia maumivu tangu siku anapoingia kambini akiwa kuruta. Hutembea masafa marefu na malengelenge miguuni, hulala kwenye mvua, na akijeruhiwa huuma meno asilie mbele ya wenzake. Mafunzo hayo ni mema, kwa kuwa vita na ulinzi wa raia haviendeshwi na watu laini. Hata hivyo pana mahali pamoja ambapo uvumilivu wa namna hiyo hugeuka kuwa adui wa askari mwenyewe, napo ni kitandani, baada ya kupasuliwa kifua. Mgonjwa anayejikaza kimya, akapumua juu juu na kujizuia kukohoa ili asiumie, huweza kupona jeraha lake na kisha akauawa na mapafu yake.

Elimu ya kuua maumivu mahali pamoja tu mwilini, huku mgonjwa akiwa macho na akipumua mwenyewe, ilijengwa na watu wengi. Miongoni mwa walioilipia kwa miili yao alikuwamo Dk. August Bier, mganga wa upasuaji wa Ujerumani. Ndugu msomaji, maisha ya mtu huyu yanamhusu askari kwa njia mbili: kwanza kwa sindano yake ya ganzi, na pili kwa kofia ya chuma.

KUZALIWA NA MAFUNZO YAKE

August Bier alizaliwa tarehe 24 Novemba 1861 katika kijiji cha Helsen, jimbo dogo la Waldeck, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Kijana huyo alisoma uganga katika vyuo vikuu vya Berlin, Leipzig na Kiel, kisha akabaki Kiel, mji wa bandari ulio kaskazini ya nchi, akiwa msaidizi wa Profesa Friedrich von Esmarch.

Esmarch alikuwa mganga wa vita kwelikweli. Alikuwa amewahudumia majeruhi katika vita kadhaa vya karne ya kumi na tisa, vikiwamo vile vya mwaka 1870 na 1871 baina ya Wajerumani na Wafaransa. Kitambaa cha pembe tatu ambacho kila askari na kila polisi hufundishwa kukifunga katika somo la huduma ya kwanza kilienezwa na yeye. Mwaka 1873 alieleza namna ya kuzungusha utepe wa mpira kwenye mkono au mguu kuanzia vidoleni kwenda juu, ili damu ihame kiungo hicho na mpasuaji afanye kazi bila damu kumwagika. Utepe huo tutaukuta tena mbele katika hadithi hii, kwa maana mwanafunzi hakuusahau.

Mji huohuo wa Kiel ulikuwa na mganga mwingine mashuhuri, Heinrich Quincke. Mwaka 1891 Quincke alieleza namna ya kuingiza sindano nyembamba mgongoni, kati ya pingili mbili za kiunoni, na kutoa maji yanayouzunguka uti wa mgongo. Kwa hiyo Bier alikuwa na walimu wawili wa thamani kubwa: mmoja alimwonyesha namna ya kuifungia damu njia, na mwingine namna ya kuufikia uti wa mgongo bila kisu.

HALI YA DAWA ZA USINGIZI WAKATI HUO

Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwaka 1846, na klorofomu ikafuata huko Uskoti mwaka 1847. Dawa hizo ziliwaokoa watu na mateso ya kisu, lakini zilikuwa na hatari zake. Klorofomu iliweza kuusimamisha moyo ghafula. Etha iliwasha koo na mapafu, mgonjwa akaamka akitapika, na wengine wakashikwa na nimonia siku chache baadaye. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna aligundua kwamba tone la kokeini hutia ganzi jichoni. Kuanzia hapo waganga wakajiuliza kama dawa ya kutia ganzi sehemu moja haiwezi kuchukua mahali pa ile ya kuulaza mwili mzima.

Hapa kwetu mambo yalikuwa yakianza. Dk. Albert Cook aliwasili Mengo mwezi Februari 1897, na kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa akiwatibu majeruhi wa mapigano yaliyozuka kwenye ngome ya Luba, huko Busoga, baada ya askari Wanubi kuasi. Miezi michache baada ya hapo ndipo Bier alipofanya jambo lililomtia katika vitabu vya historia.

SINDANO YA MWAKA 1898

Tarehe 16 Agosti 1898 aliletwa mbele ya Bier kibarua mmoja mwenye umri wa miaka 34 ambaye kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeliwa na kifua kikuu cha mifupa. Mtu huyo alikuwa amepasuliwa mara kadhaa kabla ya hapo, na kila mara dawa ya usingizi ilimtesa vibaya. Bier aliingiza sindano mgongoni kwa njia ya Quincke, akatia kokeini kidogo katika maji ya uti wa mgongo, akangoja. Baada ya dakika chache miguu ya mgonjwa ikafa ganzi. Kazi ikafanyika hali yeye yu macho, wala hakusikia maumivu. Saa chache baadaye, hata hivyo, mgonjwa huyo alishikwa na maumivu ya mgongo, akatapika, na kichwa kikamuuma sana.

Bier aliendelea na wagonjwa wengine wachache. Upasuaji ulifanikiwa, lakini baadhi yao nao waliugua kichwa na kutapika. Hapo ndipo tabia ya mtu huyu ilipoonekana. Angeweza kuendelea kuwadunga wagonjwa na kuandika sifa za ugunduzi wake. Badala yake aliamua kwamba ni lazima ajue mwenyewe kinachowapata watu hao.

Tarehe 24 Agosti 1898 alimwomba msaidizi wake, Dk. August Hildebrandt, amdunge yeye. Sindano iliingia sawasawa, lakini bomba la dawa halikushikamana nayo vizuri. Dawa nyingi ikamwagika nje, na maji ya uti wa mgongo yakatoka kwa wingi. Jaribio likashindikana. Hildebrandt hakusita, alijitolea kuchukua nafasi ya mkubwa wake jioni ileile.

Safari hii dawa iliingia. Bier akaanza kumpima mwenzake: akamchoma sindano pajani, akamgusisha sigara iliyowaka, akampiga nyundo ya chuma kwenye muundi. Hildebrandt hakusikia maumivu. Ganzi ilidumu kiasi cha robo tatu ya saa. Jaribio lilipokwisha, wawili hao wakala chakula, wakanywa mvinyo na kuvuta sigara kama maafisa waliotoka katika mazoezi yaliyofana.

Usiku ukaleta malipo. Hildebrandt alitapika na kuumwa kichwa, na mahali palipopigwa nyundo pakavimba na kumuuma kwa siku nyingi. Bier naye alilazimika kulala kitandani siku tisa, kwa kuwa kila alipoinua kichwa maumivu yalimzidi, na alipolala chali yakatulia. Kutokana na mateso hayo alipata jawabu alilolitafuta: kichwa huuma kwa sababu ya maji ya uti wa mgongo yanayovuja kupitia tundu la sindano. Mpaka leo waganga hutumia sindano nyembamba mno kwa sababu hiyo.

Mwaka 1899 alitangaza habari hizo zote, mazuri na mabaya pamoja. Hakuwahimiza waganga wenzake waikimbilie njia yake; aliona kokeini ni kali mno, akataka ipatikane kwanza dawa iliyo salama zaidi. Wengine, hasa Tuffier wa Paris, waliieneza haraka kuliko yeye. Ni haki pia kulikumbuka jina la Hildebrandt. Sindano hiyo huitwa kwa jina la mkubwa, lakini aliyepigwa nyundo alikuwa mdogo wake, na katika jeshi lolote lenye adabu jina la mdogo halifutwi katika taarifa ya kazi.

GANZI YA MKONO NA UTEPE WA ESMARCH

Bier alikuwa profesa Greifswald mwaka 1899, kisha Bonn mwaka 1903, na mwaka 1907 akaitwa Berlin kushika nafasi kubwa ya Ernst von Bergmann. Wakati huo dawa mpya ya ganzi iitwayo novokaini, isiyo kali kama kokeini, ilikuwa imepatikana.

Mwaka 1908 alionyesha njia nyingine. Aliuzungushia mkono utepe wa mwalimu wake Esmarch ili damu iondoke, akakaza mpira juu yake, kisha akatia novokaini ndani ya mshipa wa damu wa mkono uleule. Dawa ikaenea katika kiungo hicho tu, na mkono mzima ukafa ganzi. Njia hii ingali ikitumika duniani kwa kuunga mifupa ya mkono na kushona majeraha, nayo imebeba jina lake. Hatari yake iko wazi: mpira ukilegea mapema, dawa huukimbilia moyo na ubongo kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana hufanywa tu penye mtu aliyefunzwa, chombo cha kupimia mapigo ya moyo, na vifaa vya kumzindua mgonjwa.

KOFIA YA CHUMA

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Bier alikuwa mshauri wa upasuaji katika jeshi la nchi yake upande wa magharibi. Askari wa Ujerumani waliingia vitani na kofia za ngozi zenye ncha ya chuma utosini, zilizopendeza katika gwaride na zisizozuia chochote katika handaki. Bier aliona majeruhi wengi wa kichwa waliopigwa na vipande vidogo vya makombora, baadhi vikiwa vidogo kama punje, navyo vilitosha kumwua mtu au kumpoozesha maisha.

Mwaka 1915 alishirikiana na Friedrich Schwerd, mhandisi wa chuo cha ufundi cha Hannover, ambaye alikuwa ametengeneza sumaku ya umeme ya kuvuta vipande hivyo kutoka katika ubongo. Kutokana na kazi hiyo wakafikia wazo lililo rahisi zaidi: ni afadhali kukizuia kipande kisiingie kuliko kukitafuta kikiwa kimekwisha kuingia. Wafaransa walikuwa wametangulia kuwapa askari wao kofia za chuma. Schwerd akachora kofia nzito zaidi, inayofunika paji la uso, masikio na kisogo, na mwanzoni mwa mwaka 1916 askari waliopigana Verdun walianza kuivaa. Majeraha mabaya ya kichwa yakapungua. Kila askari anayenung'unika leo kwamba kofia yake ni nzito na inamtoa jasho afadhali akumbuke ilizaliwa wapi.

MIAKA YAKE YA BAADAYE

Mwaka 1920 Bier alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha mazoezi ya mwili kilichofunguliwa Berlin, kwani aliamini kwamba mwili unaotumiwa ndio unaojiponya. Mwaka 1925 alijiletea ugomvi na wenzake kwa kuitetea tiba ya homeopathi, na wengi hawakumwelewa. Alistaafu mwaka 1932.

Mwaka 1937 alikubali tuzo ya taifa ya serikali ya Hitler, akigawana na mpasuaji mwenzake Ferdinand Sauerbruch. Jambo hilo halifichiki, na anayesimulia maisha ya mtu hana ruhusa ya kuliruka. Serikali ile ilijipamba kwa majina ya wataalamu, nao wengi walikubali kuwa mapambo yake.

Kazi iliyomfurahisha uzeeni ilikuwa ya miti. Tangu mwaka 1912 alikuwa amenunua shamba la Sauen, mashariki ya Berlin, penye mchanga mkavu na misonobari dhaifu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipanda miti ya aina nyingi pamoja, mpaka udongo ukarudi kuwa na rutuba. Alifariki huko Sauen tarehe 12 Machi 1949, akiwa na umri wa miaka 87, na kaburi lake liko ndani ya msitu wake.

GANZI YA KIFUA NA USALAMA WA MAPAFU

Yatupasa sasa kurudi kwenye kile kitanda cha aliyepasuliwa kifua. Zamani kukifungua kifua kulikuwa karibu sawa na kuua, kwa sababu hewa ikiingia kati ya mbavu na pafu, pafu husinyaa. Mwaka 1904 Sauerbruch alibuni chumba maalumu cha hewa hafifu ili pafu lisisinyae wakati wa upasuaji. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alieleza namna ya kuchungulia kifuani kwa darubini nyembamba kupitia tundu dogo. Kutokana na mbegu hiyo, tangu miaka ya 1990 wapasuaji wengi hufanya kazi kubwa kifuani kupitia matundu madogo matatu au pungufu, wakitazama picha kwenye kioo, badala ya kuzitanua mbavu.

Watu wengi hudhani kwamba tundu dogo lina maumivu madogo. Sivyo. Chini ya kila ubavu hupita neva, na chombo kinachopenyezwa kati ya mbavu huibana. Aidha mrija wa kutolea hewa na damu huachwa kifuani siku kadhaa, ukigusa utando wa ndani kila mgonjwa anapovuta pumzi. Kwa kuogopa maumivu hayo hupumua kidogo kidogo. Sehemu za chini za mapafu hazipati hewa, zikasinyaa. Makohozi hayatoki, yakaoza. Homa hupanda na nimonia huingia. Dawa kali za jamii ya mofini huondoa maumivu, lakini zikizidi hupunguza nguvu ya kupumua na kumlaza mgonjwa usingizi, yaani hulirudisha tatizo kwa mlango wa nyuma.

Hapa ndipo wazo la Bier, la kutia ganzi mahali pamoja bila kuulaza mwili mzima, linapomfaa mgonjwa wa kifua. Mganga wa usingizi huweza kuweka dawa ya ganzi kando ya uti wa mgongo, mahali neva za mbavu zinapotokea; njia hiyo ilianzishwa na Hugo Sellheim, Mjerumani mwingine, mwaka 1905. Tangu mwaka 2013 zimeelezwa njia nyingine za kuiweka dawa kati ya tabaka za misuli ya ubavuni, na tangu mwaka 2016 chini ya misuli ya mgongo, huku mganga akiiona sindano kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba ganzi hizo hupunguza maumivu na haja ya mofini baada ya upasuaji wa matundu madogo. Ganzi ya kando ya uti wa mgongo hutuliza maumivu karibu sawa na ile inayowekwa ndani ya mfereji wa mgongo, bila kuushusha sana msukumo wa damu. Kuhusu nimonia yenyewe, ganzi hufungua njia tu; mgonjwa lazima aipite kwa kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kuinuka.

Ganzi hizo nazo si mchezo. Sindano ikienda kombo huweza kulitoboa pafu, na dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi huleta kifafa au kuusimamisha moyo. Kwa hiyo zinahitaji mikono iliyofunzwa, na nchini Uganda madaktari wa fani hiyo ni wachache. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hubebwa na maafisa wa usingizi katika hospitali za wilaya. Kuwasomesha watu hao ni sehemu ya ulinzi wa taifa, sawa na kuwasomesha mafundi wa silaha. Hali kadhalika njia zilezile humsaidia polisi aliyevunjika mbavu katika ajali ya barabarani, hata kama hakupasuliwa, kwani mbavu zilizovunjika huzuia pumzi vilevile.

Mafunzo kwa msomaji wetu ni mepesi kuyashika. Ukiambiwa utapasuliwa kifua, acha sigara mapema, wiki kadhaa kabla ikiwezekana. Mwulize mganga ni ganzi gani atakayokupa baada ya kazi. Ukiamka, usione haya kusema kwamba unaumwa, kwa sababu muuguzi hawezi kutibu maumivu yaliyofichwa. Kaa wima, kumbatia mto kifuani, vuta pumzi mpaka chini, kohoa mpaka makohozi yatoke, na utembee mara utakaporuhusiwa. Kufanya hivyo ni kutii amri, na wala si ulegevu.

Mwaka 1898 Dk. Bier hakusifiwa kwa kuvumilia maumivu ya kichwa siku tisa. Alisifiwa kwa kuyachunguza, akayataja waziwazi, na akataka wengine wasipatwe nayo. Askari aliyelazwa wodini akifanya vivyo hivyo, akasema panapomuuma ili aweze kupumua, atakuwa amelinda uhai ambao taifa lilimkabidhi aulinde.